Vidole Vitatu vya Babu

Kila nilipotoka shule niliisikia mashine ya Mama kabla sijaiona nyumba yetu. Nikifika kwenye daraja la mfereji tu, masikio yanaipata: vuuu, kisha krrr patasi inapogusa mbao, kisha vuuu tena. Nikiisikia nilijua Mama yupo, wali upo, na hakuna lililoharibika tangu asubuhi. Nawaambieni mapema ili mwelewe jinsi sauti hiyohiyo ilivyokuja kunitoa jasho mwaka nilipokuwa na miaka kumi na miwili.

Nyumba yetu imesimama juu ya nguzo, na karakana ya Mama iko chini yake. Nikishavua sare ya shule kazi yangu ilikuwa kufagia maranda, kuyapeleka kwenye viota vya kuku, halafu kumpa Babu Yoeun maji ya kunywa kwenye bembea yake ya nyavu. Mdogo wangu Tola kazi yake ilikuwa kunifuata nyuma na kunikosoa.

Mama alikuwa fundi wa kukereza mbao, kuzichonga kwa patasi zikiwa zinazunguka kwenye mashine. Alikereza miguu ya vitanda na vishikio vya ngazi, lakini sana sana alikereza vinu vya pilipili manga. Sisemi vinu vya kutwangia. Nasema vile unavyoshika mkononi, ukazungusha kichwa chake, na pilipili ikasagika na kudondokea kwenye samaki. Huku Kampot pilipili manga iko kila kilima, kwa hiyo vinu vya Mama havikukosa wanunuzi.

Aliyemfundisha Mama ni Babu mwenyewe, baba yake mzazi. Babu alikuwa na jicho moja tu, la kulia. La kushoto lilikuwa limefungwa na kovu. Tulipomuuliza lilikwenda wapi, alijibu, "Lilichoka kunitazama mimi kila siku, likaenda kuoa." Tukimuuliza Mama, alisema, "Mti ulimrukia," kisha akawasha mashine ili tusiulize zaidi.

Mwaka huo jicho la Babu lililobaki nalo lilianza kuingia ukungu. Miaka yote yeye ndiye aliyechagua vipande vya mbao kabla havijapanda mashine, na hiyo si kazi ndogo. Kinu kirefu kinataka kipande chenye unene wa vidole vinne, kwa sababu katikati kitatobolewa na keekee tundu pana la kuingiza chuma cha kusagia. Kipande kikiwa chembamba, kuta zinabaki nyembamba mno na kinu kinavunjika mkononi mwa mteja. Kinu kifupi kinaridhika na kipande chembamba zaidi. Hutakiwi kuchukua mbao iliyopita kwenye moyo wa mti, wala yenye kifundo mahali itakapokuwa shingo ya kinu. Na urefu unaupata kwa kulaza fimbo ya kipimo, ambayo ni sawa na kinu chenyewe, halafu unaongeza vidole vitatu.

"Vitatu vya nini, Babu?" nilimuuliza alipokuwa ananifundisha.

"Vya ufa. Mbao inakauka kuanzia nchani, Kolap, na ufa unaanzia hukohuko. Kwa hiyo unaacha nyama ya ziada huku na huku. Ukiona ufa, unakata mpaka uishe, na kinu chako bado kipo."

"Na nisipouona?"

Babu alipapasa kovu lake kwa kidole gumba. "Gonga. Mbao nzima inaitika. Yenye ufa inanung'unika," akasema.

Majuma matatu kabla ya Mwaka Mpya wetu, unaoangukia Aprili, joto likiwa limepamba moto, alikuja Bibi Leakhena, mwenye shamba kubwa la pilipili manga pale kilimani. Alitaka vinu virefu arobaini, vyote vya mbao moja, kabla ya sikukuu.

"Tunao mfenesi wa pagoda," Mama alisema. Huo mfenesi ulikuwa kwenye hekalu la watawa, ukaangushwa na dhoruba mwaka uliotangulia. Watawa walitupa shina lake, tukalipasua na kulikausha kivulini mwaka mzima. Mbao yake ilikuwa ya manjano iliyokolea na ilinukia vizuri. Haikuwapo nyingine kama hiyo. "Mbao zitatosha arobaini barabara. Na Kolap ndiye atakayechagua."

"Kolap?" Tola alicheka. "Huyu anayeshindwa hata kuchagua embe bivu?"

"Wewe nyamaza, hata kamba za viatu vyako zinakushinda," nikamjibu. Lakini moyoni nilikuwa nimefura kwa furaha.

Jumamosi nzima nilipima. Nililaza fimbo, nikaongeza vidole vitatu, nikachora mstari kwa penseli, na Mama akakata kwa msumeno kwenye mstari wangu bila kuuliza. Jioni tulihesabu vipande. Vilikuwa arobaini na viwili.

"Arobaini na viwili?" Babu alishangaa. "Mbao zilikuwa za arobaini tu."

"Nimebana, Babu!" nikasema. "Sikupoteza hata kidogo."

Mama alinitazama kwa namna ambayo hakuwahi kunitazama. "Umesikia, Baba? Mjukuu wako amekushinda," akasema. Usiku ule nililala nikijiona fundi.

Kesho yake asubuhi nilibaki kupaka nta. Katika miezi ya joto upepo unaotoka kwenye mashamba ya chumvi unakausha mbao haraka mno, kwa hiyo ncha za kila kipande lazima zizibwe. Sisi tunatumia vipande vya mishumaa iliyobaki pagoda. Nilivikusanya kwenye kopo la maziwa, nikaviyeyusha juu ya makaa, na nikawa nachovya kipande kimoja baada ya kingine, ncha hii na ncha ile.

Nilikuwa nimefika kipande cha thelathini hivi nilipouona. Ulikuwa ufa mwembamba kama unywele, umeanzia katikati ya ncha na kupanda ubavuni. Sikuogopa. Nilijua la kufanya: unakata mpaka uishe. Nikalaza fimbo juu ya kipande nione nina nyama ya ziada kiasi gani.

Ilikuwa kidogo. Nikaweka vidole vyangu vitatu juu ya ile sehemu iliyozidi, vikaenea sawasawa. Basi kosa liko wapi? Nikageuka. Babu alikuwa amesinzia kwenye bembea, mkono wake umening'inia nje, na nikaviona vidole vyake vitatu: vinene, vimejaa sugu, kila kimoja karibu mara mbili ya changu.

Hapo ndipo nilipojua vile vipande viwili vya ziada vilitoka wapi. Sikuwa nimebana chochote. Nilikuwa nimeiba nafasi ya ufa kwenye vipande vyote arobaini na viwili.

Vingine vilikuwa safi, niliviangalia kwa makini. Ni hicho kimoja tu. Ningeweza kumwamsha Babu. Ningeweza kumwita Mama aliyekuwa anafua nguo hatua ishirini kutoka pale. Lakini nilikumbuka namna alivyonitazama jana, na nilimsikia Tola kabla hajasema: huyu anayeshindwa kuchagua embe. Nikachukua gundi, nikaisukuma ndani ya ufa, nikanyunyiza vumbi la mbao juu yake na kulisugua kwa kidole. Kisha nikakichovya kile kipande kwenye nta mara mbili. Nilipokitoa kilifanana na vingine.

Nilijiambia kwamba hakitatumika. Vinatakiwa arobaini, vipo arobaini na viwili. Nikakilaza chini kabisa ya rundo, kwenye kona ya ukutani, na vingine vyote nikavipanga juu yake.

Jumatatu, kabla ya kuanza kazi kubwa, Mama aliweka ndizi na vijiti vitatu vya ubani mbele ya mashine, kuwaheshimu walimu wa kazi waliotangulia. Ndivyo tunavyofanya kwetu. Alinipa mimi niwashe. Viwili viliwaka. Cha tatu kilizimika, nikakiwasha tena, kikazimika tena.

"Kimepata unyevu," Mama alisema, akachukua kingine.

"Katika mwezi huu wa kiangazi?" Babu aliuliza kutoka kwenye bembea. Nikachukua ufagio nikafagia mahali nilipokwisha kufagia.

Siku tatu za kwanza zilipita salama. Mama alichukua vipande kutoka juu ya rundo, na kila nilipotoka shule nilihesabu vilivyobaki. Usiniulize niliandika nini daftarini siku hizo. Alhamisi nilivuka daraja mbio, nikaingia chini ya nyumba, nikatazama kwenye kona. Rundo halikuwapo.

"Mama! Vipande viko wapi?"

"Juu ya meza ya mianzi. Tola aliona mchwa wanapanda kutoka chini, tukavihamisha."

"Mimi ndiye niliyegundua," Tola alisema, kifua mbele. "Nimevibeba vyote peke yangu. Vya chini nimeviweka juu, vya juu nimeviweka popote."

"Popote wapi?"

"Popote ni popote! Vyote si sawa?"

Kweli vilikuwa sawa. Nilisimama mbele ya ile meza nikatazama ncha zote zilizopakwa nta nyeupe, na sikuweza kujua ni ipi. Nta niliyoipaka mara mbili ilikuwa imelegea kwa joto na kuwa kama nyingine zote.

Ijumaa Mama alipokwenda sokoni niligonga kimoja kimoja kwa kifundo cha kidole, sikio nimelitega. Vyote viliitika. Gundi ilikuwa imeufunga mdomo ufa wangu. Nikachukua kisu nianze kukwangua nta. Nilikuwa nimekwangua viwili tu Tola alipotokea nyuma yangu.

"Unafanya nini?"

"Nakagua."

"Kukagua gani kwa kisu? Mama kasema nta isiguswe. Nitamwambia."

"Ukimwambia sichezi nawe mpaka Mwaka Mpya upite."

"Kwani nani anataka kucheza na wewe?" Alinitolea ulimi akaondoka, na mimi nikakirudisha kisu. Nilipaka nta upya kwenye vile viwili, na sikujaribu tena. Ningeweza bado kusema. Kila siku ilikuwa ngumu kuliko ya jana, maana sasa ningelazimika kueleza na siku zote nilizokaa kimya.

Tangu hapo nilianza kuiogopa mashine. Mama akifunga kipande kipya, meno ya chuma yanakishika upande mmoja, na upande wa pili anakaza gurudumu mpaka ncha kali ya chuma inazama kwenye mbao kukishikilia. Ncha ile ilizama katikati ya nta, mahali palepale ulipoanzia ufa wangu. Kisha swichi inawashwa, kipande kinazunguka mpaka huoni pembe zake, na Mama anainama juu yake na patasi, uso wake umbali wa mkono mmoja. Alikuwa na kioo cha plastiki cha kukinga uso. Lakini mwezi ule joto lilikuwa kali, kilikuwa kinamjaa ukungu wa pumzi, na mara nyingi alikisukuma juu ya kichwa.

"Mama, shusha kioo," nilimwambia.

"Sioni kitu nikikishusha."

"Shusha tu, Mama. Tafadhali."

Alikishusha, akacheka. "Tazameni fundi mkuu anavyonisimamia." Nilipogeuka kuondoka nilisikia akikisukuma juu tena.

Juma la pili shule zilifungwa kwa sikukuu, na kwangu ilikuwa vibaya zaidi, kwa sababu sasa nilikuwapo kutwa. Bibi Leakhena alipita kuangalia kazi. Alizungusha kinu kimoja mkononi, akakinusa, akasema mbao imechaguliwa vizuri.

"Ni huyu," Mama alisema, akaniwekea mkono begani. "Binti yangu ndiye mchaguzi."

Nilitamani ardhi ipasuke niingie. Bibi Leakhena alinipa pipi ya sukari ya mnazi iliyofungwa kwenye jani, nami niliishika mpaka ikayeyuka kiganjani. Nilimpa Tola jani lililobaki alambe.

Jumamosi, zikiwa zimebaki siku nne kufikia sikukuu, Mama alianza kazi mapema ili akwepe joto. Mimi nilikuwa napika. Mashine ilisema vuuu kama kawaida, lakini safari hii ndani ya vuuu kulikuwa na kitu kingine, kidogo sana, kama mtu anayegonga mlango kwa kucha.

"Phalla!" Babu alimwita Mama. "Mashine inalia vibaya."

"Ni mkanda, Baba. Umelegea," Mama alijibu.

"Mkanda haulii hivyo."

"Nitaukaza nikimaliza kula."

Aliizima mashine, akapanda juu kula. Tuliketi mkekani: wali, samaki mkavu, na mchuzi mchachu wa mboga za mferejini. Mama alifungua kitambaa chake cha mirabaraba kichwani, akajifuta jasho, na hapo nikaona mstari mwembamba wa damu shavuni, chini kidogo ya jicho lake la kushoto.

"Mama, umeumia."

"Kibanzi tu. Kipande hiki cha leo kina hasira, kimenirushia kibanzi tangu kianze." Alijifuta tena na kumimina mchuzi. "Kimebaki kidogo kiwe mviringo kamili. Nakimalizia, halafu nilale kidogo."

Mimi nilikuwa natazama ule mstari wa damu. Kisha nikamtazama Babu, upande wake wenye kovu. Lilikuwa jicho lilelile, la kushoto. Nikaliweka chini bakuli langu la wali.

Mama alijifunga tena kitambaa, akasimama, akaweka mguu kwenye ngazi. Nilimrukia. Nilikamata ncha ya kile kitambaa kwa mikono yote miwili, kikamtoka kichwani.

"Kolap! Una wazimu?"

"Usiiwashe, Mama! Usiiwashe! Kimoja kina ufa. Nimeupaka gundi. Nimeufunika kwa nta. Nilipima kwa vidole vyangu badala ya vya Babu, nikakosa pa kukata, nikaficha, nikakiweka chini, Tola akavichanganya, sijui sasa ni kipi!" Yote yalinitoka kwa pumzi moja, na mwisho wake nilikuwa nalia kwa sauti.

Mama alikichukua kitambaa chake mikononi mwangu.

"Tangu lini?" Mama aliuliza.

"Siku ya nta."

"Siku kumi na tatu," Mama alisema polepole. "Siku kumi na tatu umeniona nikiinama pale." Hakunipiga wala hakupaza sauti. Ningependa angepaza. "Shuka. Lete msumeno na kisu."

Tulishuka sote. Mama alisema vinu vilivyokwisha kutobolewa amevikagua ndani na nje, ni vizima, ishirini na tisa. Kwa hiyo kipande chenye ufa kimo katika vile visivyoguswa juu ya meza ya mianzi. Tulikwangua nta yote. Tola alikuwa ananipokeza, mimi nakwangua, Mama anatazama ncha juani, Babu anagonga na kusikiliza.

"Kizima," Mama alisema. "Kizima. Kizima."

"Cha kumi," Tola alihesabu. "Cha kumi na moja. Cha kumi na mbili. Vimekwisha."

Vyote vilikuwa vizima. Nilihisi furaha kidogo, ya kijinga, kana kwamba pengine niliota. Mama alikuwa bado anatazama kile cha mwisho mkononi. Ni Babu aliyeuliza, na sauti yake haikuwa ya kawaida.

"Na kile kilicho kwenye mashine?"

Tuligeuka. Kipande kilikuwa pale pale alipokiacha, karibu mviringo, kimeshikwa huku na huku. Mama alikisogelea. Nta kwenye ncha ilikuwa imeyeyuka kwa moto wa kuzunguka na kuchuruzika kwenye chuma. Gundi yangu ilikuwa imetoka yote. Ufa haukuwa tena unywele. Ulikuwa umetembea kutoka nchani mpaka katikati, na ungeweza kuingiza ukucha ndani yake.

Mama alilegeza gurudumu. Alilegeza robo tu ya mzunguko, taratibu, na kipande kikasema *tak*, kikafunguka mikononi mwake nusu kwa nusu, kama fenesi lililoiva. Nusu moja ilianguka kwenye maranda.

Mama aliketi chini palepale. Alipeleka mkono shavuni, akaugusa ule mstari, na hakuuondoa mkono kwa muda mrefu.

"Kolap," Babu aliniita. "Njoo hapa. Na wewe Tola. Nitawaambia jicho langu lilikwenda wapi."

"Mti ulikurukia," Tola alisema kwa sauti ndogo.

"Ulinirukia, ndiyo. Lakini nani aliupandisha mashine? Nilikuwa na mguu wa kitanda wenye ufa. Mteja alikuwa ana haraka. Nikaupaka gundi na vumbi, nikausugua vizuri, nikauweka pembeni nikisema nitautumia mwisho. Siku zikapita. Siku nilipouchukua nilikuwa nimekwisha sahau ni upi." Aligusa kovu. "Nilikuwa nimeuficha vizuri mno. Sikuweza kuuona hata mimi mwenyewe."

Mama aliinua kichwa. "Baba, hukuwahi kuniambia hivyo."

"Niliona haya," Babu alisema. "Miaka ishirini na sita nimeona haya. Ningekuwa nimesema, huyu mtoto angejua." Na kwenye lile jicho lake moja niliona machozi.

Mama alinyanyuka, akaokota nusu iliyoanguka, akanivuta karibu.

"Sikiliza vizuri, maana sitarudia. Kosa la vidole si lako peke yako. Tulikuambia vidole vitatu, hatukusema vya nani. Na kama ungekuja siku ile na kusema, 'Mama, nimepima vibaya,' ningekasirika kidogo, ningekata kile kipande niwe na kinu kifupi, na mchana tungekula wali kama kawaida. Kosa lilikuwa dogo. Lililokuwa linakuja kunitoa jicho ni kule kulifunika. Unaelewa?"

"Ndiyo, Mama."

"Ukikosea kazini, au shuleni, au popote pale, sema mapema, kosa likiwa bado dogo na mtu bado hajaumia. Hata kama utachekwa. Kuchekwa kunapona."

"Sitamcheka," Tola alisema. Kisha, kwa kuwa ni Tola, akaongeza, "Leo."

"Na wewe, Phalla," Babu alisema, "kioo hakikutengenezwa kufunika nywele."

Mama alikichukua, akakivaa usoni bila kubisha. Mchana huo hakukereza. Alilala kwenye mkeka, au alijilaza tu, na mimi nilikaa karibu naye nikimpungia upepo.

Vinu arobaini vilikamilika siku moja kabla ya sikukuu, na kikabaki kimoja. Kile Mama hakumuuzia mtu, kiko jikoni kwetu. Mimi niliondolewa kwenye kazi ya kuchagua mpaka mvua ziishe, nikarudi kwenye maranda na kuku. Sikulalamika.

Mvua zilipoisha Mama aliniita chini ya nyumba. Alikuwa ameshika ile nusu ya kipande kilichopasuka, ufa wake ukionekana waziwazi ubavuni. Alimwomba Babu aweke vidole vyake vitatu juu yake, na kwa ncha ya kisu akachonga alama mbili kwenye ile nusu, moja kila upande wa vidole vile. Akatoboa tundu, akapitisha kamba, akaining'iniza kwenye nguzo.

"Hivi ndivyo vidole vitatu vya nyumba hii," aliniambia. "Chukua penseli, anza kuchagua."

Babu hayupo tena. Mashine sasa ni yangu, na watoto wa Tola ndio wanaofagia maranda. Wakiniuliza kwa nini kipimo changu kimepasuka, nawaambia yote, kuanzia gundi mpaka kitambaa cha Mama, na sehemu ya aibu siiruki. Mara mojamoja naweka vidole vyangu kati ya zile alama. Vimekuwa vinene, vina sugu, na siku hizi vinaenea barabara. Hata hivyo bado nakishusha kipimo kutoka kwenye nguzo, napima, ndipo nashusha na kioo usoni na kuwasha mashine.